Ndege ya mtumba, bei unaitaja lini?

Mhariri, salamu kwako na kwa wote mnaotuandalia gazeti.

Naandika kwa sababu ukurasa wenu wa magari ya mtumba mi huwa siukosi, mnaelekeza watu vizuri namna ya kukagua Noah au Harrier isije ikawa imerudishwa kilomita nyuma, lakini sijawahi kuona mtu ameandika kuhusu ndege, na najua hapo wengi wanacheka, ndege? nani huyo ananunua ndege? Sasa sikieni. Cessna 172 ya miaka ya 70, ile ndogo ya viti vinne yenye mabawa juu ambayo mnaiona ikipita hapa Kisongo asubuhi, bei yake haifiki Land Cruiser mpya wanayotembelea wakubwa, na watu wanazinunua, wenye mashamba, wenye kambi za watalii, na wengine wanaochangishana kama sisi. Sisi tuko watatu, mimi, rafiki yangu daktari na shemeji yangu mfanyabiashara, tumejichanga karibu miaka minne, na ndani ya hiyo miaka tumeshakosa ndege moja na tumeshapigwa kwa nyingine, na kila nikirudi nyuma naona kosa halikuwa kwenye ndege wala kwenye hela, kosa lilikuwa kwenye siku tuliyotaja bei. Moja tulichelewa, moja tuliwahi mno.

Nianze na ile tuliyochelewa. Ilikuwa uwanja wa Wilson pale Nairobi, 172N ya mwaka 1978. Wanaojua wataelewa kwa nini tulikuwa na woga, hizo za kuanzia 1977 mpaka 1980 zilitoka na injini ya Lycoming inayoitwa H2AD, na fundi yeyote ukimtajia hilo jina anakuna kichwa kwa sababu ya kemu na tapeti zake (vyuma vya ndani vinavyosukuma valvu), zilikuwa zinalika mpaka kiwanda kikabidi kibadilishe tapeti na kuleta dawa maalum ya kuchanganya kwenye oili. Basi sisi tukajifanya wajanja, tukasema hatutaji bei hata shilingi mpaka injinia wetu aifungue aone. Tukamlipia usafiri, hoteli siku mbili, posho, na ile hanga (banda la ndege) tukailipa kwa kutumia vifaa vyao. Injinia akarudi anacheka, kompresheni silinda zote nne ziko juu ya 70 kwa 80, yaani zinashika hewa vizuri hazivujishi, filta ya oili amekata hajakuta vyuma, ameingiza kamera kila silinda safi. Sasa badala ya kupiga simu siku ileile tukaanza kubishana kwenye grupu letu la WhatsApp, shemeji anataka tupunguze dola 10,000, daktari anasema tano, mimi sijui nasema nini, siku nane zikaisha. Ya tisa tunapiga simu, mwenye ndege akatujibu kwa upole kabisa, pole ndugu, imeshauzwa, nyinyi mlikuja kukagua, hamkuniambia mnanunua.

Na hakuwa amekosea hata kidogo. Kinachouma zaidi ni kwamba aliyeinunua (tulikuja kusikia baadaye pale kantini) aliamua haraka kwa sababu aliambiwa kuna Watanzania wameleta injinia wao ameikagua siku mbili ameikuta safi. Yaani ukaguzi wetu, hela yetu, ndege yake.

Tukaapa ya pili hatuchelewi. Ikatokea Cessna 182 huko pwani, na shemeji alikuwa anaitaka 182 muda mrefu kwa sababu ile ina nguvu, horsepower 230, unapakia watu wanne wazima na mizigo na unaondoka, wakati 172 ukijaza matangi yote na kuweka watu wanne wenye vitambi hapa Arusha, uwanja uko kama futi 4,500 juu ya bahari na jua la saa nane, utaitafuta mwisho wa ranwei kwa macho. Picha zilikuja zinameremeta, rangi mpya, viti vya ngozi. Na dalali wa pale kila akipiga simu anatuambia kuna jamaa wa Entebbe anakuja kesho na hela mkononi. Huyo jamaa wa Entebbe, mhariri, nimekuja kugundua yupo kwenye kila ndege inayouzwa Afrika Mashariki, sijui analala saa ngapi. Tukaingiwa na kiwewe, tukatuma bei kwa meseji, wakakubali bila hata kubisha (hapo ndipo tungeshtuka), tukatuma arubuni ya dola 5,000, na kwenye ile meseji hatukuandika popote kwamba bei inategemea ukaguzi.

Tulipofika na injinia hakumaliza hata nusu saa. Alifungua kifuniko kule mkiani akapitisha kidole kikarudi na unga mweupe, hiyo ni kutu ya alumini, chumvi ya bahari imekaa humo miaka na rangi mpya imepigwa juu yake. Akaenda mbele akatuonyesha ule ukuta wa bati kati ya injini na miguu ya rubani, una mikunjo kama shati ambalo halijapigwa pasi, hiyo kwa 182 maana yake mtu aliwahi kutua kwa pua kwa nguvu, pua ya 182 ni nzito na ugonjwa huu unajulikana. Tukaomba logibuku ya injini (kitabu cha kumbukumbu zake), ina pengo la miaka mitano, hakuna aliyeweza kutuambia ndege ilikuwa wapi. Tukasema hatununui. Dalali akasema bei mlishakubali, arubuni hairudi. Mpaka wakili aandike barua mbili na miezi ipite ndio tukapata nusu.

Basi ndio tukakaa chini tukaulizana, kama ukitaja bei mapema unaliwa na ukingoja unakosa, hiyo bei inatajwa lini? Jibu tulilopata sisi, na injinia wetu ambaye amezeeka kwenye hizi kazi alikuwa anatuambia siku zote hatusikii, ni kwamba bei inatajwa ukishasoma karatasi zote na ukishaiona ndege kwa macho yako, lakini KABLA ya kumlipa fundi aifungue. Hapo katikati. Na inatajwa kwa maandishi, na sharti la ukaguzi linaandikwa humohumo, na arubuni inakaa kwa wakili sio mfukoni kwa muuzaji.

Mtu atauliza karatasi kwanza kwa nini. Kwa sababu ndege sio gari, gari unaweza kununua bila historia ukasema liwalo na liwe, ndege isiyo na historia ni mabati. Ina logibuku tatu, ya bodi, ya injini na ya propela (pangaboi kama wengine wanavyosema), na unaziomba zote kurasa zote kwa picha kabla hujapanda basi. Muuzaji akikuuliza kwenye simu wewe una bei gani, mwambie nitumie logibuku kwanza nitakujibu, anayeuza kitu halali hawezi kununa kwa hilo. Halafu usizisome kama gazeti, zisome kama polisi. Mfano umeona propela ilifungwa mpya wakati ile ya zamani ilikuwa na masaa machache tu, na wiki hiyohiyo wamebadilisha na mguu wa tairi la mbele, hakuna aliyeandika sababu, sasa wewe jiulize kwa nini, kwa sababu propela ikishagusa ardhi injini inazunguka lazima injini ishushwe ifunguliwe iangaliwe ndani, na kama logibuku ya injini haionyeshi kwamba ilifunguliwa basi umeshajua una swali la kuuliza na una sababu ya kushusha bei au ya kubaki nyumbani kwako. Au unakuta masaa tangu ovahoo (injini kufunguliwa yote na kufanywa upya) ni machache sana, mia mbili tu, unafurahi, kumbe hayo masaa mia mbili yameenea miaka kumi. Hiyo mi naiogopa kuliko injini ya masaa 1,500 inayoruka kila wiki. Kwenye hizi Lycoming kemu iko juu, ndege ikilala miezi oili yote inashuka chini na kemu inabaki kavu inapata kutu, ukiiwasha inaanza kujila yenyewe taratibu, na kwenye kompresheni huoni kitu.

Pia kuna maagizo ya lazima ya usalama, mafundi wanayaita eidii, kila moja lazima ionekane imefanywa lini na nani amesaini. Kwa Cessna ndogo, ambayo sisi tunaitafuta ya kwanza kabisa ni ile ya reli za viti, FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, waliitoa upya 2011, reli na pini zinapimwa zisiwe zimelika. Ukisikia reli za viti unaweza kudhani ni kitu kidogo, lakini fikiria ndege inanyanyua pua, kiti kinachomoka kinarudi nyuma na rubani ameshika usukani, anauvuta nao. Watu wamekufa hivyo.

Rejista nayo isisahaulike. Kabla ya bei, uliza mamlaka ya nchi ilikosajiliwa kama jina la mwenye ndege ni la huyo anayekuuzia, na kama hakuna benki inayoidai. Ndege ya 5Y (namba za Kenya) ukitaka iwe 5H (za Tanzania) lazima ifutwe kule Kenya ndipo TCAA, mamlaka yetu ya anga, waikague na kuisajili huku, na mambo ya forodha muulize wakala wako mapema, usiyasubiri baada ya kukubaliana bei ndipo ukagundue bajeti imeisha. Shemeji yeye kila siku anatuma matangazo ya Marekani, ona hii bei rahisi, ona hii, ndiyo shemeji ni rahisi ikiwa Texas, lakini weka kung'oa mabawa na kuipanga kwenye kontena la futi 40, weka kuifuta kule, weka cheti cha kusafirisha nje, weka kuifunga upya na fundi kuisainia, halafu rudi tuongee. Ingawa nakiri Wamarekani wana kitu kimoja cha kuwaonea wivu, kumbukumbu za umiliki wa ndege zote ziko sehemu moja, Oklahoma City, unalipa hela kidogo mtu anakutafutia kama ina deni, huna haja ya kumjua mtu.

Sasa hesabu yenyewe ya bei. Injini ya 172 nyingi za zamani ni Lycoming O-320 na kiwanda kinasema ovahoo ni masaa 2,000 au miaka 12, kitakachotangulia. Sisi tuliulizia ovahoo na usafirishaji na kufunga tukaambiwa tuweke dola 32,000, gawa kwa 2,000 unapata dola 16 kwa kila saa. Kwa hiyo kila saa iliyokwisha kuruka muuzaji ameshaila dola 16 na wewe huwezi kumlipa tena. Hesabu hii inamaliza ubishi mwingi sana kwenye grupu, nawashauri mnaochangishana, inaondoa ile ya mi naona hivi mi naona vile.

Lakini ina mtego na tuliuona kwenye hii ya tatu, ambayo ndiyo imenifanya nishike kalamu. Ni 172M ya mwaka 1975, iko shambani kwa mzee mmoja upande wa Nanyuki, injini ya horsepower 150, shemeji aliposikia 150 akaguna. Mzee anauza kwa sababu madaktari hawakumuongezea cheti cha afya cha urubani, na ukimwangalia unaona kabisa ni mtu anayeuza mguu wake. Hakuna dalali, hakuna Entebbe. Bei yake dola 78,000. Alitutumia picha za logibuku zote siku mbili baada ya kuomba, kila ukurasa kapiga mwenyewe na kidole gumba kinaonekana pembeni, tukazisoma wiki nzima, tukapata maswali saba, tukaenda. Mke wake akatuletea chai na viazi, tukakaa sebuleni na vile vitabu, na kila swali mzee anajibu bila kuangalia, hapa nilibadilisha altaneta, hapa nilitua kwenye shimo la ngiri tairi ikapasuka, hii mwandiko ni wa fundi aliyeshafariki. Maswali saba yakaisha ndani ya saa moja unusu. Kisha tukaenda hanga, tulikuwa tumemwomba asiiwashe kabla hatujafika, tukaigusa injini baridi, ikawaka mara ya pili, chini ya tumbo oili kidogo ya kawaida tu, reli za viti mpya, namba ya kibati inalingana na ya kitabu.

Mtego ni huu. Ovahoo ilifanyika 2016 na imeruka masaa 870, ukipiga kwa masaa imetumika dola 13,920, injini bado kijana. Lakini miaka 12 inafika 2028 na sisi watatu na kazi zetu hatuwezi kuruka zaidi ya masaa 100 kwa mwaka, kwa hiyo kalenda itatukuta mbali kabla masaa hayajaisha, na ukipiga kwa miaka, tisa kati ya 12 zimeshaliwa, hiyo ni dola 24,000. Tofauti karibu 10,000 kwa injini ileile! Tukapanga bei yetu kwa kalenda, kama vile tutalazimika kuishusha 2028. Mzee yeye alikuwa na hoja yake na sikumlaumu, alisema vijana, hii injini imeruka kila Jumamosi, haijawahi kulala mwezi, mnailinganisha na zile zinazolala Wilson? Na ni kweli, ndio maana hatukung'ang'ania yote.

Usiku uleule hatukuondoka Nanyuki. Tulikaa gesti tukaandika barua ya ukurasa mmoja, daktari ndiye mwenye mwandiko (ajabu kwa daktari), dola 66,000, kwa masharti kwamba injinia wetu ataikagua ndani ya siku 14 kwa gharama zetu, kwamba kitu chochote kitakachoonekana kinaizuia ndege kisheria kuruka ama mzee atakitengeneza ama kitatoka kwenye bei, kwamba vitu vidogo vya urembo na redio hatutavirudia kuviombea punguzo, na kwamba tukikuta kutu kwenye mhimili wa bawa au vyuma kwenye filta tunaweza kuondoka na arubuni yetu yote. Na kwamba ndani ya hizo siku 14 mzee hamuuzii mtu mwingine. Hicho kipengele cha mwisho ndicho tulichokosa Wilson, na kile cha kabla yake ndicho tulichokosa pwani, ukiangalia ile barua imeandikwa na makovu yetu. Asubuhi tukampelekea, akaisoma na miwani mara mbili, akasema 72,000. Tukatoka nje tukazunguka kwenye miti dakika kumi, tukarudi tukasema 70,000, akatupa mkono.

Kuna rafiki zangu wa pale klabu wananiambia tumefanya kinyume, kwamba ilibidi injinia akague kwanza ndio tuwe na nguvu ya kushusha. Siwaelewi. Ukishamlipa fundi na ukaguzi ukatoka mzuri nguvu unayo wapi, ndege imepanda bei mbele ya macho yako na muuzaji anajua umeshatumia hela zako, na ukitoka mbaya ungeondoka tu. Zaidi ya hapo ni adabu, huwezi kumwambia mtu mzima akuachie ufungue injini yake inayowaka vizuri wakati hujamwambia una nia ya kutoa kiasi gani. Mimi mtu akija nyumbani kwangu kufungua vifuniko vya ndege yangu bila kutaja hata bei nitamuuliza kwanza wewe ni nani.

Arubuni ni dola 3,000, iko kwa wakili. Injinia anaondoka hapa Jumatano kupitia Namanga na mkoba wake wa kamera na zile geji za kupimia kompresheni, Alhamisi asubuhi anaanza na silinda namba moja. Shemeji ameshachagua rangi ya mstari wa pembeni na ametuma picha tatu kwenye grupu, mimi nimemwambia anyamaze mpaka Alhamisi jioni.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi,
Arusha.